Mchochota wa Tumbo

Aingiapo mtu katika duka la dawa mjini Wote, kiganja kikiwa juu ya chembe cha moyo, akaomba dawa ya alsa, huenda hana kidonda chochote. Alicho nacho ni maradhi ambayo matabibu huyaita gastritisi, kutokana na neno la Kiyunani la tumbo, na ambayo kwa Kiswahili ni mchochota wa tumbo. Jina hili lina haki yake, kwani kuchochota ni kuwasha kwa kuchomachoma, na ndivyo ufanyavyo utando wa ndani ulioudhiwa.

Tumbo hutoa asidi kali mno, nalo lingejila lenyewe lau si ute mzito uliolitanda, na chini ya ute huo seli ambazo hufanywa upya kila baada ya siku chache. Kileo kikali, mathalani chang'aa inywewayo kabla tonge la muthokoi halijashuka, huuvunja ute na kuziunguza seli. Asidi nayo hupenya palipofunguka, mishipa midogo ikavimba, pengine ikavuja damu. Pombe ya kaluvu haina ukali huo, illa vileo vya kuchachushwa kama hiyo vina madhara ya namna yake, kwa kuwa huliamsha tumbo litoe asidi zaidi.

Haya yaliwahi kuonwa kwa macho. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya, akapona, lakini tundu la tumboni halikuziba. Na tabibu wake, William Beaumont, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1833, alichungulia humo baada ya siku kadhaa za ulevi wa kijana huyo, akakuta utando umewiva kwa wekundu na kutoka mabaka, ilhali mwenyewe hakulalamika maumivu yoyote. Hilo ndilo linitialo hofu kuliko yote.

Kidonda cha tumbo, aghalabu, asili yake ni bakteria waliogunduliwa na Warren na Marshall wa Australia, au vidonge vya maumivu, na kina dawa zake. Mchochota wa kileo hupoa zaidi kwa kuacha kileo, na amezaye dawa ya asidi ili aendelee kunywa hutuliza mwako tu, huku akiuacha utando ukiliwa. Akitapika kitu cheusi mfano wa unga wa kahawa, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu, na mahali pake si dukani tena, ni hospitali, saa ile ile.