Ufufuo wa Geto Boys

The Resurrection, yaani Ufufuo, ni albamu ya kundi la Geto Boys la Houston, Texas, iliyotoka Aprili 1996. Iliwarudisha pamoja Scarface, Willie D na Bushwick Bill, sauti tatu ambazo hazikuwa zimesikika katika albamu moja tangu 1991.

Asili ya kundi ni lebo ya Rap-A-Lot, iliyoanzishwa na James Prince katikati ya miaka ya 1980. Prince na Willie D ni wazaliwa wa Fifth Ward, mtaa uliokaliwa na Weusi walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na baadaye ukakatwa vipande na barabara kuu. Kundi lilibadilisha wasanii mara kadhaa kabla ya watatu hao kukutana. Willie D, aliyewahi kuwa bondia, alirap kwa kufoka. Bushwick Bill, mzaliwa wa Jamaika mwenye kimo kifupi mno, aliingia kama mchezaji dansi. Scarface ndiye aliyekuwa na huzuni ya mtunzi wa tenzi za mauti.

Mwaka 1990 kampuni ya Geffen ilikataa kusambaza albamu yao kwa sababu ya mashairi ya mauaji na ukatili kwa wanawake. Baadhi ya mistari hiyo haina utetezi hata leo. Lakini mwaka uliofuata walitoa “Mind Playing Tricks on Me”, wimbo wa mtu asiyepata usingizi, anayejihisi kuandamwa na kuishiwa na nguvu za kuishi. Wababe wa mtaani walikuwa wanakiri hofu zao hadharani, jambo lililokuwa geni katika rap ya wakati ule. Wimbo ulifika namba 23 katika chati ya Billboard. Mwaka huohuo Bushwick Bill alipigwa risasi akapoteza jicho, na picha yake akiwa hospitalini, juu ya kitanda cha magurudumu, ndiyo iliyopamba jalada la albamu yao, We Can't Be Stopped.

Willie D aliondoka 1992 kufanya kazi peke yake. Nafasi yake ilichukuliwa na Big Mike wa New Orleans katika albamu ya 1993. Scarface naye alipanda chati kwa albamu yake The Diary ya 1994, kiasi kwamba hakulihitaji tena kundi ili asikike. Hilo ndilo linaloupa muungano wa 1996 uzito.

Wakati huo hip hop ya Kusini mwa Marekani bado ilidharauliwa. Agosti 1995, wasanii wa kundi la OutKast la Atlanta walizomewa jijini New York walipopokea tuzo ya jarida la The Source. Miezi minane baadaye, The Resurrection ilifika namba 6 Marekani nzima. Midundo yake ina besi nzito na magitaa ya taratibu, fani ya watayarishaji kama N.O. Joe na Mike Dean. “The World Is a Ghetto” inaujenga upya wimbo wa 1972 wa bendi ya War, na humo ufukara wa Fifth Ward unawekwa bega kwa bega na wa mitaa mingine ya dunia.

Muungano haukudumu. Albamu ya 1998 ilitoka bila Bushwick Bill. Watatu walikutana tena katika The Foundation, 2005, albamu yao ya mwisho pamoja. Bushwick Bill alifariki kwa saratani ya kongosho Juni 2019.