Rabai na Frere Town: Habari za Walioibeba Kazi ya Misheni, 1844 hata 1889



Ni desturi ya vitabu vya taarifa kama hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya wajumbe, kutia kurasa chache za habari za kale. Safari hii tumechagua habari za misheni ya Rabai na Frere Town, kwa kuwa watu wengi huzijua nusu tu. Husemwa ya kwamba Wazungu wawili watatu walivuka bahari, wakahubiri, wakajenga, na Waafrika wakapokea. Hayo yalikuwako. Lakini siku za njaa na za hatari, mzigo wa kazi ile uliwaelemea zaidi watu weusi ambao wao nao walikuwa wageni, maana waliletwa kutoka Bara Hindi. Na wote, weupe kwa weusi, walikaa katika nchi ya Warabai kwa ruhusa ya wazee wa Rabai.

Tuanze na Mzungu wa kwanza. Ludwig Krapf, mtu wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society, alifika pwani yetu mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Seyyid Said wa Unguja alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akakaa Mombasa. Hata kabla ya mwaka kwisha, homa ilimchukua mkewe Rosine mwezi wa Julai, na mtoto wao mchanga akafa baada ya siku chache tu. Mama alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo kaburi lake laonekana mpaka leo. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa ile ile. Mtu aliyefikwa na msiba kama huo ugenini, asiye na ndugu wa kumkalia matanga, angaliweza kurudi kwao bila kulaumiwa na yeyote. Yeye alikaa, akaendelea kujifunza Kiswahili na kuandika maneno yake. Na kamusi aliyoikusanya ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai. Siku ya kupanda kwenda huko wote wawili walikuwa wakitetemeka kwa homa, na punda alikuwa mmoja, basi wakampanda kwa zamu. Wazee wa Rabai waliwapa mahali pa kujenga. Twapenda jambo hili likumbukwe, kwa sababu vitabu vingi hulipita haraka: wazee wale walikuwa na kaya yao, na ibada yao, na sheria yao, na hawakuwa na haja ya mgeni, hata hivyo waliwapokea watu wawili wagonjwa wasio na jeshi wala mali ya kutisha.

Krapf alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa, naye aliondoka mwaka 1853. Rebmann alikuwa mtu wa kukaa. Wanafunzi wa shule humjua kwa sababu aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya wakamcheka waliposikia habari za theluji karibu na ikweta. Sisi twaona jambo kubwa zaidi ni kwamba alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe alikufa mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Mwisho macho yake yakafa, akawa kipofu katika nyumba ile ile ya Rabai, na mwaka 1875 alipochukuliwa kurudi Ujerumani, aliyemwongoza njiani alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa nchi hii, mwana wa Abe Ngoa aliyekuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza. Mwaka uliofuata Rebmann alikufa.

Sasa na tuwageukie wale wengine. Katika miaka ile manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Waliookolewa hawakuweza kurudishwa makwao, maana wengi walikuwa watoto waliotoka mbali, nchi za Wayao na Wanyasa, na njia ya kurudi ilikuwa ndiyo njia ile ile ya wauzaji. Basi wengine walipelekwa mpaka Bombay. Karibu na mji wa Nasik, mahali paitwapo Sharanpur, palikuwa na makao yao, wakafundishwa kusoma, useremala, uhunzi na mambo ya dini. Mkuu wa makao hayo alikuwa kasisi William Salter Price. Baadhi ya vijana wa Nasik walifuatana na Dakta Livingstone. Jacob Wainwright, aliyesoma sala ya maziko yake mwaka 1873 na kufuatana na maiti yake mpaka Uingereza, alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1864 walitumwa kutoka Bara Hindi kuja kumsaidia Rebmann: William Jones, George David na Ishmael Semler. Fikirini hali yao. Walichukuliwa utumwani wakiwa watoto, wakakulia nchi ya Wahindi, wakajua Kiingereza, kisha wakarudi Afrika wakiwa watu wazima, lakini si kwao. Rabai hapakuwa kwa Myao. Warabai waliwaona kuwa wageni waliovaa nguo za Kizungu. Watu wa Mombasa waliwaona kuwa watumwa waliookoka. Na Wazungu waliwaona kuwa watumishi. Hata hivyo ndio walioshika shule na ibada mzee Rebmann alipokuwa haoni tena.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Mjumbe wa Uingereza katika shauri lile alikuwa Sir Bartle Frere, na kwa jina lake likaitwa kao jipya lililojengwa Kisauni, mbele ya kisiwa cha Mombasa. Price alikuja kulianzisha, na pamoja naye wakaja watu wengi wa Bombay, waume kwa wake. Mwaka 1875 manowari Thetis iliteremsha hapo mamia ya watu waliookolewa: wengi wagonjwa, wenye njaa, wasiosikilizana kwa lugha. Waliowapokea ufukweni na kuwafundisha kulima shamba lao wenyewe walikuwa watu waliowahi kuteremshwa hivyo hivyo katika bandari nyingine. Mnara wa kengele ya Frere Town ungaliko mpaka leo, na njia panda ile watu huiita Kengeleni.

Si vema tukapamba. Kao hilo lilikuwa na ubaya wake. Msimamizi mmoja, Bwana Streeter, aliwapiga watu viboko na kuwafunga, hata habari zikafika kwa wakubwa wa serikali ya Kiingereza, ukafanywa uchunguzi, akaondolewa. Watu waliokombolewa katika mjeledi waliukuta mjeledi misheni. Tena palikuwa na manung'uniko ya mshahara: mtu wa Bombay alifanya kazi ya ualimu, ya ukalimani na ya uongozi, akalipwa sehemu ndogo ya alicholipwa Mzungu, na alipouliza akaambiwa ana kiburi. Hata viatu vyake na koti lake viliandikwa katika barua za kwenda London kana kwamba ni makosa. Msomaji mzee atatambua maneno hayo, maana yalisemwa tena na tena katika nchi hii miaka mingi baadaye.

Kisha ikaja njaa ya mwaka 1884. Mvua ilikosekana, na katika nchi za Wamijikenda wako wazazi waliolazimika kuwaweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate nafaka. Na rehani isiyokombolewa mara nyingi iligeuka kuwa utumwa.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler ushemasi, wakawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani yetu kupewa daraja hiyo. Mwezi wa Julai askofu aliondoka Rabai kwenda Buganda kwa njia ya Umasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika kwa Sundu, ambako sasa ni Mumias, askofu alichukua watu 50 akatangulia, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote waliokuwa naye wakauawa. Wachache waliookoka walirudi kwa Jones na habari hiyo. Alingoja, huenda akatokea mwingine, hata mwezi wa Desemba. Kisha ikambidi kuwarudisha watu wake pwani, mwendo wa mamia ya maili, kwa chakula kidogo na bila Mzungu hata mmoja. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886, na mbele ya msafara palikuwa na bendera ya kitambaa cha buluu, imeshonwa kwa herufi nyeupe neno moja, Ikabodi, ambalo katika Biblia ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, utukufu ulipoondoka. Waliosimama kuwapokea hawakuhitaji kuuliza lililotokea.

Jambo lenye uzito kuliko yote, kwa maoni yetu, ni lile la watoro.

Mkataba wa 1873 haukufuta utumwa wa bara. Mtumwa aliyekuwa shambani Mombasa, Takaungu au Malindi alikuwa bado mali ya bwana wake kwa sheria ya Sultani, na misheni ilikuwa imefungwa kwa ahadi kwamba haitawapokea watoro. Lakini watoro walikuja. Walikuja usiku, mmoja mmoja na wawili wawili, kwa kuwa wamesikia kwamba juu ya kilima cha Rabai wako watu weusi walio huru. Wengine walikwenda kwa Wamethodisti wa Ribe na Jomvu, wengine Fuladoyo, kao la watoro lililoongozwa na Mkristo wa Kigiriama, David Koi, ambaye mwisho aliuawa kwa ajili hiyo.

Msimamizi wa Rabai alikuwa Jones. Ahadi aliijua, wala hakuwa mtu wa kudharau amri. Lakini mtu anayebisha mlangoni alikuwa katika hali ile ile aliyokuwa nayo yeye utotoni. Kumfukuza kulikuwa kutimiza neno la wakubwa wake. Kumpokea kulikuwa kuihatarisha misheni nzima, na watu huru waliokaa humo pamoja na wake na watoto wao, maana wenye watumwa walikwisha kutishia kuja na silaha. Hatukusoma popote kwamba alitoa hotuba juu ya shauri hilo. Watu walijenga vibanda, wakalima, wengine wakaingia darasa la ubatizo, na idadi ikaongezeka.

Price aliporudi pwani mwaka 1888, akiwa mzee sasa, alikuta watoro kwa mamia katika Rabai. Mwaka huo huo George Mackenzie alifika Mombasa kuanza kazi ya Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa pwani na Sultani, naye akakuta mji umekasirika, na wenye watumwa wanadai mali yao. Kuwarudisha watu wale kungalikuwa aibu kubwa. Kukataa kungaliweza kuleta vita kabla Kampuni haijafungua hata duka. Basi Mackenzie akashauriana na mabwana, ikakubaliwa walipwe riale 25 kwa kila mtu. Fedha ilichangwa na Kampuni, serikali ya Kiingereza, misheni na marafiki zao. Watoro wakaandikwa, jina la kila mmoja na jina la bwana wake. Si vigumu kufikiri mioyo yao siku hizo za kuandikwa, maana kwa mtoro orodha yenye jina la bwana ni kitu cha kutisha.

Tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati za uhuru, zaidi ya watu 1,400 kwa jumla, na wengi wao walikuwa wa Rabai. Mackenzie alisifiwa sana Uingereza, na kwa haki, maana bila yeye fedha isingalipatikana. Lakini asingalikuwa na watu wa kuwakomboa kama mlango wa Rabai ungalifungwa miaka iliyotangulia. Tena tuseme wazi, riale zile walipewa waliomiliki watu. Aliyefanya kazi shambani miaka kumi au ishirini bila ujira hakupewa ila karatasi.

Baadaye watu wa Bombay wengi waliiacha misheni, wengine kwa ugomvi ule ule wa mshahara, wakaingia kazi ya Kampuni na ya serikali. Watoto wa Frere Town wakawa walimu, makarani na makalimani mpaka bara. James Mbotela, ambaye baba yake aliteremshwa hapo na manowari, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934. Humo huwasifu Waingereza kuliko tunavyoweza kukubali sisi, lakini ni mmoja wa wachache walioandika habari za wazee wale kwa lugha yao wenyewe.

Na watumwa waliobaki mashambani mwaka 1889, ambao hawakufika Rabai au waliogopa njia, walingoja miaka mingine 18, hata mwaka 1907, ndipo serikali ilipoufuta utumwa katika pwani ya Kenya.