Ujira wa Njia katika Ukambani

Zamani za misafara, Kivoi wa Kitui, yule tajiri wa pembe za ndovu aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alipokuwa akiwaongoza watu wake kuteremka pwani, safari haikupimwa kwa maili bali kwa siku zilizo baina ya maji na maji. Na wapagazi waliokodiwa Unguja kupita njia za bara, aghalabu kwa riale 5 kwa mwezi, walipewa posho ya kibaba cha nafaka kila siku na sehemu ya mshahara kabla ya kuondoka mjini.

Reli ilipopita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899, misafara ile ilififia, lakini mabega hayakupumzika. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vijana wa Kitui na wa Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hata mwaka 1992, walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi, na ujira ukashushwa hata kufikia rupia 5 kwa mwezi. Maelfu walikufa kwa kuhara na njaa, na kwa kuwa majina yao na ya vijiji vyao yaliandikwa ovyo, warithi hawakuweza kuthibitisha haki yao ya ujira huo. Oscar Watkins, mkuu wa kikosi cha wapagazi hao, aliitetea haki hiyo, lakini fedha nyingi hazikuwafikia wenyewe. Hiyo ni dhuluma, na haistahiki jina jingine.

Mwaka 1919, deni la wapagazi hao likiwa bado bichi, wenye magari waliunda chama chao, kinachoitwa leo AA ya Kenya, na viwango vyake vya gharama kwa kila kilomita ndivyo waajiri wengi hufuata kumlipa mtumishi aliyesafiri kwa gari lake. Kiwango hicho hubeba petroli, matairi, bima na uchakavu. Kwa hiyo aliyekodi gari kwenda Mutomo au Wote hana uchakavu wa kudai, bali hulipwa kodi ya gari na mafuta kwa stakabadhi. Karani mwaminifu huandika namba ya gari, kilomita za kuondoka na za kurudi, mahali na shughuli, kisha dereva hutia sahihi: mistari michache tu, ambayo kama ingaliandikwa kwa uangalifu huo kwa kila mpagazi, wajane wengi wa Ukambani wangalilipwa.