Mafuta Yakizidi Hewa

Injini ya petroli haiombi mambo mengi. Huhitaji hewa, huhitaji mafuta, huhitaji cheche ya moto kwa wakati wake. Taabu yote ya mafundi, tangu injini ya kwanza iwashwe hadi leo, imekuwa ni kupatanisha vitu hivyo vitatu, na kati ya hivyo, wawili wa kwanza ndio wagomvi wakubwa. Hewa ikizidi mafuta, mafundi husema mchanganyiko ni mwepesi. Mafuta yakizidi hewa, husema mchanganyiko ni mzito. Katika insha hii nataka kuuzungumzia huo mzito, hasa katika gari lenye turbo lililoongezwa nguvu na mwenyewe, kwani nimeona magari mengi yakiuawa nao huku wenyewe wakisifiwa barabarani kwa mlio na moshi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ili petroli iungue yote bila hewa wala mafuta kubaki, kila gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa. Injini ikitakiwa itoe nguvu zake zote, hupewa mafuta zaidi kidogo, kama gramu 1 kwa 12.5. Gari lenye turbo hupewa zaidi ya hapo, 1 kwa 12 au hata 1 kwa 11. Likizidishiwa hadi 1 kwa 10, nguvu zinaanza kupungua na moshi mweusi unatoka. Msomaji atauliza: kama 14.7 ndiyo hesabu ya haki, kwa nini turbo ipewe mafuta ambayo haiwezi kuyaunguza? Jibu lake liko katika historia, na historia hiyo ilianzia juu ya mlima.

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha feni itakayosukuma hewa ndani ya injini hiyo hiyo. Moshi una joto na mwendo. Kuuachia uende bure ni hasara. Wazo hilo lilikuwa zuri lakini vyuma vya wakati ule havikuweza kuvumilia joto lake. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyolipa wazo hilo haraka, kwa sababu ndege zilikuwa zinapanda juu mahali ambapo hewa ni nyembamba, na injini zao zilikuwa zinahema kama mzee anayepanda ngazi. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, aliipandisha injini ya ndege iitwayo Liberty hadi kilele cha mlima Pikes Peak huko Marekani, karibu mita 4,300 juu ya bahari. Injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 350 huko chini. Kule juu, bila turbo, ilishuka hadi kama 230. Ilipofungwa turbo ikatoa 356. Hapo ubishi ukaisha.

Sisi wa Afrika Mashariki twaweza kulielewa jambo hilo bila kwenda Pikes Peak. Gari la kabureta lililorekebishwa vizuri Mombasa, likipandishwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huanza kula mafuta na kutoa masizi. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyembamba. Inaendelea kumimina petroli karibu kama ilivyozoea, na mchanganyiko unakuwa mzito. Mafundi wa bara walibadilisha jeti, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli, wakaweka ndogo zaidi. Rubani wa ndege za zamani alikuwa na mkono wa kupunguza mafuta kila alipopanda. Hivyo mchanganyiko mzito, katika asili yake, ni ugonjwa wa kutoijua hewa uliyo nayo.

Turbo ilitibu upungufu wa hewa, lakini ilileta maradhi yake. Hewa ikisukumwa kwa nguvu hupata joto. Mchanganyiko wa joto uliobanwa sana huweza kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na ndipo injini inapogonga. Kugonga huko si kelele tu: hutoboa pistoni. Mwingereza Harry Ricardo alitumia miaka mingi ya mwanzoni mwa karne ya 20 kuchunguza jambo hilo, na Marekani, mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi katika petroli huzuia kugonga. Dawa ya tatu ilikuwa nyepesi kuliko zote: ongeza petroli. Petroli ya ziada ikigeuka mvuke hunyonya joto, kama vile jasho linavyopoza ngozi. Ile petroli isiyoungua, basi, haikutiwa humo kama chakula. Ilitiwa kama maji ya kupoza.

Na dawa yoyote iliyo rahisi huzoeleka. Mwaka 1944 Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alikwenda Pasifiki kama mshauri wa kiraia na kuruka pamoja na marubani wa ndege za P-38, ambazo injini zake zilikuwa na turbo. Aliwaona wakirudi na matangi yanayokaribia kukauka, ilhali yeye, kwa safari ile ile, alikuwa bado na akiba. Marubani walikuwa wakiendesha kwa mchanganyiko mzito na mizunguko mingi kwa sababu waliogopa kuunguza injini. Lindbergh akawafundisha kupunguza mizunguko, kuongeza shinikizo la hewa, na kuupunguzia mchanganyiko mafuta wakati wa mwendo wa kawaida. Umbali wa ndege zao ukaongezeka sana. Hofu ilikuwa imewafanya wamwage petroli ambayo ingeweza kuwarudisha nyumbani.

Baada ya vita turbo iliingia katika magari. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa gari la Jetfire, ambalo lilipoza mchanganyiko wake kwa kunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na alkoholi kutoka katika chupa yake maalumu. Wenye magari wengi hawakuwa na mazoea ya kujaza chupa hiyo, na biashara ikafa mwaka uliofuata. Mwaka 1977 Renault waliileta turbo katika mashindano ya Formula 1, wakachekwa kwa jinsi gari lao lilivyofuka moshi, lakini kufikia 1983 bingwa wa dunia, Nelson Piquet, alishinda kwa turbo. Petroli nyingi ilitumika kupoza injini hizo hadi waendesha mashindano walipoweka mpaka: lita 220 kwa shindano zima mwaka 1984, lita 195 mwaka 1986, lita 150 mwaka 1988. Wahandisi waliobanwa hivyo walilazimika kuipima kila tone, na kompyuta ya injini ikapata kazi. Huku kwetu, mwaka 1984 Björn Waldegård aliipatia Toyota Celica yenye turbo ushindi wa Safari Rally, turbo ya kwanza kushinda mashindano hayo, na tangu hapo watoto wa Kenya wakaujua mlio wake.

Lakini kompyuta haiwezi kupima bila jicho. Jicho hilo ni sensa ya hewa ya oksijeni katika bomba la moshi, iliyotengenezwa na Bosch na kuwekwa kwa mara ya kwanza katika magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani mwaka 1976. Hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito, karibu volti 0.1 ukiwa mwepesi. Sensa hiyo ya kwanza ilijua kusema "mengi" au "machache" tu. Haikujua kusema kiasi gani. Ile inayotaja kiasi ilikuja baadaye, na ndiyo inayotumiwa na kila fundi wa kweli anayerekebisha gari lenye turbo.

Hapa pana kisa kinachotuhusu. Ile risasi ya Midgley, licha ya kuwadhuru watoto waliovuta moshi wake, huifisha sensa. Magari ya Japani yaliyotumika, yenye sensa zao, yalimiminika Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1990, yakakuta vituo vyetu bado vinauza petroli yenye risasi. Sensa zikapofuka. Kompyuta isiyoona hukimbilia mchanganyiko wa kubahatisha, mara nyingi mzito, na mafundi wengi wakajenga mazoea ya kung'oa waya wa sensa na kulisahau jambo lenyewe. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana Dakar kuiondoa risasi. Kampeni yake iliendeshwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, na mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imeachwa karibu kote kusini mwa Sahara. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Risasi imekwenda, mazoea ya kung'oa waya yamebaki.

Basi fundi afanyeje gari lenye turbo likiletwa likitoa moshi mweusi? Kwanza autambue moshi. Wa samawati ni oili, mweupe usiokoma ni maji, mweusi ni petroli. Kisha afungue plagi. Yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni nzima. Yenye masizi makavu meusi, ambayo hufutika kwa kidole, imelishwa mafuta mno. Yenye utelezi imepata oili. Achukue na kijiti cha oili akinuse: kikinuka petroli, basi mafuta yasiyoungua yamekwisha kuteremka ukutani mwa silinda na kuiosha oili inayolinda chuma. Gari hilo halina muda mrefu.

Kisha aulize swali ambalo wengi hawaulizi: mafuta yanazidi wakati gani? Swali hili pekee huokoa fedha nyingi. Yakizidi zaidi injini inapounguruma imesimama, na gari likawa gumu kuwaka likiwa la moto, ashuku injekta inayovuja au kirekebisha shinikizo cha mafuta kilichopasuka utando. Uvujaji wa namna hiyo ni mdogo. Huonekana pale injini inapokula kidogo, na humezwa pale inapokula sana. Yakizidi injini ikisha kupata joto, ashuku sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba ni asubuhi ya baridi siku nzima. Yakizidi wakati wote, aulize kama mwenyewe alifunga injekta kubwa bila kompyuta kufundishwa upya. Na yakizidi pale tu turbo inaposukuma, aende kwenye mipira ya hewa.

Jirani yangu mmoja aliwahi kuwa na gari la namna hiyo. Lilisimama likinguruma safi kabisa, lakini likikanyagwa kupanda mlima lilifunika magari ya nyuma kwa moshi. Gereji ya kwanza ilimuuzia injekta nne. Ya pili ilimuuzia sensa ya oksijeni. Moshi ukabaki ule ule. Mzee mmoja asiye na mashine yoyote alimwuliza tu moshi unatoka lini, kisha akapitisha vidole chini ya mpira unaounganisha turbo na injini, akaukuta una ufa upande usioonekana. Kipima hewa kiko kabla ya turbo. Kompyuta ilikuwa imeihesabu hewa, ikatoa petroli ya kuilingana, lakini njiani sehemu ya hewa hiyo ilikuwa ikitorokea ufani. Injini ikiwa imesimama hakukuwa na shinikizo la kuufungua ufa, ndiyo maana ilinguruma safi. Mpira ulikuwa na bei ndogo kuliko injekta moja. Madhara yale yale huletwa na ile vali ya kutoa hewa nje kwa mlio, ambayo vijana huipenda: katika gari lenye kipima hewa, hutupa hewa iliyokwisha kuhesabiwa.

Lipo onyo moja zaidi. Sensa haipimi petroli, hupima oksijeni. Plagi moja ikikosa kuwaka, petroli yake na hewa yake hutoka pamoja bila kuungua. Sensa ikaona oksijeni nyingi ikasema mchanganyiko ni mwepesi, wakati plagi imelowa petroli. Bomba la moshi likiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani, sensa ikasema ni mwepesi, kompyuta ikaongeza mafuta, na gari likawa zito kwa amri ya chombo cha kulizuia lisiwe zito. Anayeisoma namba bila kunusa oili na kuangalia plagi atapotezwa na namba yenyewe.

Nikitazama safari hiyo yote, tangu Pikes Peak hadi gereji zetu, naona kwamba mafuta ya ziada yalikuwa ushahidi wa hofu yenye sababu. Kumnyima mafuta mwenye turbo ni kumtoboa pistoni kwa dakika chache, kwa hiyo kila fundi huongeza kidogo apate usalama. Anayemfuata huongeza kidogo juu ya hicho. Kiasi cha tatu hakilindi tena. Kinaosha silinda, kinaziba kichujio cha moshi, kinamaliza mfuko wa mwenyewe na kuwapulizia masizi watoto wa shule wanaosubiri kuvuka barabara. Dawa hupimwa. Mganga asiyejua amempa mgonjwa vijiko vingapi hawezi kudai kwamba anamtibu, hata kama mgonjwa bado anatembea.