Mtaa Unaoifuata Dhahabu: Kutoka Sekenke hadi Mwakitolyo

Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likishatoa mawe yenye dhahabu, wa kwanza kufika si serikali wala benki. Ni mama lishe. Anakuja na sufuria, mafiga anayaokota hapohapo, na mchana ugali na dagaa vimeiva chini ya turubai. Nyuma yake anafuata muuza tochi na betri, kisha mwenye sola ya kuchajia simu, kisha mwenye gesti ya maturubai inayolipiwa kwa usiku. Muda si mrefu kibanda umiza kinaonyesha Simba na Yanga. Wachimbaji huliita jambo hili rashi. Dhahabu yenyewe imeshaandikiwa sana na wajiolojia na makampuni. Mtaa wake haujaandikiwa, na mimi naamini ndio uliolijenga eneo la machimbo.

Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, jimbo la Solwa. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe, na machimbo yake yanajulikana kwa namba: Namba Mbili, Namba Tano. Asubuhi salamu ni "Mwangaluka", na mama wa chai huitwa mayu hata na kijana aliyetoka Kigoma au Mara ambaye Kisukuma chake kinaishia hapo. Mgeni anaweza kudhani mtaa huu umeota ghafla. Haukuota ghafla. Umehamahama kwa zaidi ya miaka 100.

Wajerumani walianza kuchimba Sekenke, huko Iramba, mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya pwani, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli ikafua sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Baadaye vumbi la dhahabu la mto Lupa, kule Chunya, likawavuta watu kwa maelfu katika miaka ya 1920 na 1930. Geita ilifuata: mgodi wake mkubwa ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966.

Hapo ndipo mitaa ya aina mbili ilipoanza kuachana. Mtaa wa kwanza ni wa kampuni. Mfano wake bora uko Shinyanga hiihii, Mwadui, ambako mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi. Jiwe la waridi la karati 54.5 lililookotwa hapo mwaka 1947 liliishia kwa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Mwadui ilikuwa na hospitali, shule, maduka na uwanja wa ndege, na vyote vilikuwa ndani ya uzio, vikilindwa. Aliyeishi humo alijua atalala wapi na atatibiwa wapi. Lakini hakuna mama aliyeweza kuamka na kutenga mafiga yake popote alipopenda.

Mtaa wa pili hauna uzio. Chanzo chake ni shamba. Kijana wa Kisukuma wa miaka ya 1950 alikuwa na pamba, na pamba ilikuwa na ushirika wenye nguvu, Victoria Federation, ulioundwa 1955. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika, na viliporudi katika miaka ya 1980 mkulima alikuwa ameshachoka kusubiri malipo. Mifugo nayo ilipigwa na ukame. Dhahabu ilikuwa inalipa siku hiyohiyo. Anayewalaumu vijana wale kwa kukimbilia mashimo awalaumu pia waliowacheleweshea fedha za pamba.

Kisha ukaja mwaka 1990, ambao kwa maoni yangu ndio ulioujenga mtaa wa machimbo kama tunavyoujua. Benki Kuu, kupitia benki za biashara, ilianza kununua dhahabu kwa mchimbaji mdogo kwa bei ya kuvutia na bila kumhoji sana ameitoa wapi. Fedha taslimu zikaingia porini. Bulyanhulu, ambako dhahabu ilijulikana tangu miaka ya 1970, ikageuka mji wa maelfu ya watu, wenye baa, makanisa, misikiti na wauza mitumba. Mwaka 1996 wachimbaji wale waliondolewa ili kupisha kampuni yenye leseni, na namna walivyoondolewa Agosti hiyo imebaki kuwa jeraha na ubishi hadi leo. Mwaka 2001 mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mahali hapohapo. Wengine walirudi kwao, wengine wakabeba sufuria na maturubai kwenda machimbo mengine. Ujuzi wa kuanzisha mtaa kutoka patupu ulikwenda nao, na ndio unaouona ukitembea Mwakitolyo.

Tutembee basi. Ukisogea kwenye maduara unakutana na winchi za mbao na kamba, na wanaume wenye moko, yaani nyundo, na tindo wakisubiri zamu. Shimo linashikiliwa na matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisibomoke, na magogo hayo yanatoka mbali. Shinyanga ilikuwa imebaki uwanda mtupu kwa kufyeka miti ili kuwaangamiza mbung'o na kulima pamba, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI uliofufua ngitili, hifadhi za malisho za jadi. Kila rashi inakula sehemu ya miti iliyorudi. Sijaona mchimbaji asiyelijua hilo, na sijaona anayekubali kushuka shimo lisilo na matimba.

Mawe yakipanda juu hugawanywa kwa viroba: cha mwenye leseni, cha mwenye duara, cha wachimbaji, na mara nyingi cha mwenye shamba pia. Baada ya hapo kazi inahamia kwa wanawake. Kwa imani iliyoenea machimboni, mwanamke hashuki duarani, ati dhahabu itakimbia. Imani hiyo imewanyima wanawake mgawo mnono kwa vizazi, na mimi siioni kama mila ya kulindwa. Wanaponda mawe, wanachekecha, wanabeba maji, wanapika, wanakopesha. Ndiyo, wanakopesha: mchimbaji anaweza kula kwa mkopo wiki kadhaa, akilipa duara likitema. Lisipotema, hasara ni ya mayu. Wanawake wachimbaji waliunda chama chao, TAWOMA, mwaka 1997, na wapo leo wanaomiliki leseni na maduara. Anayekopesha chakula ni mwekezaji pia, ingawa hakuna leseni inayomtaja.

Zamani mawe yalitwangwa kwa mikono ndani ya vinu vya chuma, na mlio wake ulisikika kutwa. Siku hizi kuna karasha, pipa la chuma lenye gololi nzito linalozungushwa na injini, na vumbi lake jeupe linatua juu ya maandazi na nguo zilizoanikwa. Unga ukishaoshwa kwenye mwalo, hukamatishwa kwa zebaki, kisha mchanganyiko ukachomwa, wakati mwingine jikoni palepale panapopikiwa watoto. Moshi ule unadhuru ubongo na figo. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, lakini zebaki ingali mkononi mwa mchomaji asiyevaa glavu. Hili linaniuma kuliko yote ninayoyaeleza hapa, kwa sababu vifaa vya kunasa moshi huo vipo na si vya ajabu.

Mtaa huu una upande mwingine ambao haufai kufichwa. Bahati ya dhahabu imewapa waganga soko, na kati ya 2007 na 2009 Kanda ya Ziwa iliona watu wenye ualbino wakiuawa kwa uongo kwamba viungo vyao vinavuta madini na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kuwasimamisha waganga, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa mauaji ya mtoto. Waliouawa walikuwa watoto na majirani wa mitaa hii hii.

Na upo upande wa ushujaa. Oktoba 2015 shimo liliporomoka huko Nyangarata, Kahama. Siku 41 baadaye watu 5 walitolewa hai, wakiwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Wachimbaji wenzao ndio waliosikia sauti chini na kuanza kufukua.

Biashara ya dhahabu yenyewe ilibadilika mbele ya macho ya mtaa. Kwa miaka mingi mchimbaji aliuza pointi zake, kila moja sehemu ya kumi ya gramu, kwa dalali wa chumba cha nyuma, kwa mizani ya dalali. Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo jijini Dar es Salaam. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ya zuio ya asilimia 5 zikaondolewa, na Machi Geita ikafungua soko la madini. Simu nayo ilifanya yake: fedha za kurudisha nyumbani, ambazo zamani zilishonwa ndani ya nguo au kukabidhiwa abiria wa basi, sasa hutumwa kabla jasho halijakauka. Oktoba 2025 bei ya wakia moja, gramu 31.1, ilipita dola 4,000 za Marekani. Bei ya namna hiyo hufufua hata marudio, yale mabaki ya mchanga yaliyokwisha kuoshwa, na inawarudisha watu kwenye mashimo waliyoyahama.

Huko Kisesa, Mwanza, ipo Makumbusho ya Bujora, iliyoanzishwa na Padri David Clement, inayotunza ngoma, viti vya watemi na zana za Wasukuma. Ningependa kuona humo kinu cha chuma cha kutwangia mawe, moko, tindo, karai, winchi ya mbao na daftari la madeni la mama lishe. Waliotwanga mawe Bulyanhulu katika miaka ya 1990 sasa ni bibi na babu. Ni wakati wa kuwapelekea kinasa sauti, na maswali ya kuanzia yasiwe ya dhahabu: nani alikupikia siku ya kwanza, mlilala wapi, na mlipoondoka mlibeba nini.