Shule ya Machifu Iliyowamaliza Machifu

Serikali ya Kiingereza ilipofungua shule ya bweni Tabora katika miaka ya 1920, haikuficha iliwataka akina nani: watoto wa machifu. Gavana Donald Cameron, aliyewasili Tanganyika mwaka 1925, alikuwa akijenga utawala unaopitia kwa wenyeji wenyewe, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikawakabidhi machifu mahakama, hazina na kazi isiyopendwa ya kukusanya kodi. Chifu wa namna hiyo ilimbidi ajue kusoma vitabu vya hesabu na kuandikiana barua na mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Kwa hiyo mwanawe akapelekwa Tabora, akafundishwe kutawala, kwa kipimo ambacho serikali ingekimudu.

Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayoizunguka Tabora, ilikuwa na desturi zake za kumkomaza kijana kabla ya hapo. Reli ilifika mwaka 1912. Kabla yake kila kitu kilikwenda kwa miguu na mabega kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mabega mengi yalikuwa ya Wanyamwezi. Mwingereza Alfred Swann, aliyeishi pande za Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla hajapeleka pembe pwani na kurudi na nguo au waya wa shaba. Pengine alitia chumvi, lakini si nyingi: safari ndiyo iliyompa kijana mali na jina.

Njiani alijifunza utii kwanza. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, anaeleza kwamba aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale mmoja podoni mwake, ili jioni wakifika kambini atambulike. Utii huo ulikuwa na mpaka. Posho ikipungua au ujira ukizungushwa, wapagazi waliitua mizigo na kukaa chini, na tajiri wa msafara, hata awe Mwarabu mwenye bunduki mia, alilazimika kuzungumza.

Mwaka 1937 aliingia katika shule ile ya machifu kijana kutoka Musoma, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kwa nasaba alikuwa mwanafunzi hasa ambaye Waingereza walimkusudia. Kambarage Nyerere hakupenda michezo, ila alisoma kitabu cha Baden-Powell kuhusu uskauti akashirikiana na wenzake kuanzisha kikosi shuleni, na kwenye midahalo alikuwa hakosi. Inasimuliwa pia kwamba aliwapinga viranja kwa upendeleo waliopewa, ukiwemo mgawo wa chakula maradufu. Ugomvi wa posho, tena Tabora! Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba kijana huyu ni mpole mno.

Shule haikubaki ya ukoo wa watawala peke yao. Ilimpokea Rashidi Kawawa, mtoto wa mwindaji wa tembo, na Oscar Kambona, mtoto wa padri wa Kianglikana. Wanafunzi waliishi pamoja bwenini na kusema lugha moja, wakitoka makabila ambayo Cameron alitaka kila moja libaki na chifu wake. Ni vigumu kufikiria mpango mbovu zaidi kwa mtu asiyetaka chama cha kitaifa.

Nyerere alirudi Tabora akitoka Chuo cha Makerere, akafundisha St. Mary's, shule ya wamisionari wa Kikatoliki, pamoja na rafiki yake Andrew Tibandebage, huku akiwa mmoja wa viongozi wa tawi la chama cha Tanganyika African Association. Mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh. Aliporudi tena mjini kwa jambo kubwa, Januari 1958, alikuwa Rais wa chama cha kitaifa cha TANU, na mkutano mkuu wa chama ulikuwa karibu kupasuka kwa ajili ya utaratibu wa uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere alisimama akajenga hoja kama alivyozoea kwenye midahalo ya shule, wajumbe wakakubali kushiriki, Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa na kuunda chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Mwaka 1963, katika Tanganyika huru, serikali ya Nyerere, mtoto huyo wa chifu, iliufuta uchifu kisheria. Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, naye aliyesoma Tabora na Makerere, alijiuzulu uwaziri mwaka huohuo. Mwaka 1991 akaibuka akiongoza kamati ya kudai vyama vingi.

Mwaka huohuo wa 1963 ilianzishwa njia mpya ya kumkomaza kijana: Jeshi la Kujenga Taifa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga kulazimishwa kwenda huko, na ujira wao ukiwa miongoni mwa malalamiko. Nyerere, aliyewahi kuupinga mgawo wa viranja, aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 yakarejeshwa 2013, na kambi ya Msange mkoani Tabora ni mojawapo ya zinazowapokea wahitimu wa kidato cha sita.