Biashara ya kuuza watu: uchunguzi unaoanza kabla ya malalamiko

Wengi wetu tunajua njia moja tu ya kesi: mtu ametendewa ubaya, anakwenda polisi, maneno yake yanaandikwa, ndipo uchunguzi unaanza. Kwa wizi wa mbuzi njia hiyo inafaa. Kwa biashara ya kuuza watu mara nyingi inashindwa, kwa sababu aliyeuzwa halalamiki. Ana deni aliloambiwa ni la safari yake, hati zake zimeshikwa na anayemtumikisha, na mtu huyo anajua nyumba ya mama yake. Wengine hata hawajui kwamba kuna kosa. Wanaona ni bahati mbaya tu.

Kuna njia ya pili: polisi kuanza wenyewe kwa kufuata dalili. Namba moja ya simu inaonekana katika matangazo mengi ya kazi nzuri yasiyotaja mwajiri. Wasichana wanne wanalipiwa safari na mtu mmoja, na wote wanataja nyumba ileile wanakokwenda. Pesa zinatumwa kwa simu kila wiki kwa mtu yuleyule. Dalili moja peke yake si kitu. Zikiunganishwa, zinaonyesha nani anatafuta watu, nani anawasafirisha, nani anawapokea na nani anakula faida. Huyu wa mwisho ndiye tusiyemwona mahakamani. Anayefungwa ni dereva.

Kwetu Kongo, sheria namba 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022 ilibadilisha Kanuni ya Adhabu ili kupambana na kosa hili. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inatazama mambo matatu: kitendo (kutafuta, kusafirisha, kuficha au kupokea mtu), njia (nguvu, vitisho, udanganyifu, kutumia unyonge wake) na lengo la kumnyonya. Kwa mtoto chini ya miaka 18, njia haihitaji kuthibitishwa. Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Kumtoa kijijini na kumtumikisha mjini kunatosha.

Tatizo kubwa ni saa. Katiba yetu, kifungu cha 18, inakataza polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha kwa mwenye mamlaka ya sheria. OPJ aliyekamata kwanza na kutafuta ushahidi baadaye anabaki na siku mbili na shahidi anayetetemeka. Aliyekusanya kwanza risiti, namba za simu na majina ya wasafiri anaweza kusimamisha kesi hata kama aliyeuzwa atanyamaza.

Lakini kungoja nako kuna bei yake, na hapo pana ugumu. Kila siku polisi wanapoangalia nyumba, kuna mtu anateseka ndani. Palipo na mtoto au hatari ya kifo, uokoaji unatangulia, hata kama mkubwa wao atatoroka.

Makanisa yasijifanye polisi. Kutuma picha ya mshukiwa kwenye WhatsApp ni kumwambia akimbie. Yanayosaidia ni madogo: kuhifadhi tangazo lilivyo, tarehe, namba ya gari, na kumpa OPJ au parke mnayemwamini. Mtu akileta tangazo la kazi lisomwe ibadani, aulizwe kwanza jina la mwajiri na mkataba. Na aliyeponyoka asihojiwe na wazee watano kwa zamu, kwa maana maelezo matano yatatofautiana, na wakili wa mshitakiwa atayatumia yote. Msikilizaji mmoja anatosha, kisha daktari.